Mlingoti wa Ngazini

Kinyozi huyu hajawahi kukaa uwanjani. Sisemi kwamba hukaa kidogo, au hukaa wakati wa mapumziko kama binadamu wengine. Hajawahi kabisa. Miaka thelathini na nne ameitazama timu yake akiwa wima, jua la utosini au mvua ya kumwaga, timu ikifunga au ikifungwa, na kufungwa ndiko kulikokuwa kwingi. Ndiyo maana wakambandika jina la Mlingoti. Jina likamganda hivi kwamba hata mkewe hulitumia, ila yeye hulitumia akiwa amekasirika tu.

Saluni yake ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Kuna kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, mashine mbili za kunyolea, chupa ya spiriti, kiti kimoja cha mteja na benchi la wanaosubiri. Kiti cha kinyozi hakuna. Anafungua saa mbili asubuhi na kufunga jua likizama, na katikati ya hapo husimama. Ukimuuliza kazi yake atakwambia ni kunyoa. Ukikaa pale nusu siku utaona kwamba kazi yake hasa ni kusimama, na kunyoa ni kitu cha kuifanya mikono isikae bure.

Na siku ya mechi, baada ya kusimama tangu asubuhi, anafunga mlango, anavaa jezi iliyopauka, na kwenda kusimama tena.

Uwanja wenyewe una pande mbili za kutazamia. Upande mmoja una paa na viti, na wanaokaa huko huitwa wageni rasmi hata kama ni majirani zetu wa ukuta mmoja. Upande wa pili ni ngazi thelathini na mbili za zege, bila paa, bila kiti, bila namba. Huko ndiko Ngazini. Tiketi ya Ngazini haikwambii usimame wapi, lakini kila mtu anapajua pake, na ukisimama pa mwenzako utaangaliwa mpaka uhame mwenyewe. Pa Mlingoti ni ngazi ya kumi na tisa, karibu na nguzo ya taa. Kushoto kwake husimama Dobi, mtu mfupi mpana mwenye duka la kufua na kupiga pasi mtaa wa pili. Wamesimama bega kwa bega miaka ishirini na minane. Ukiwauliza wamezungumza nini muda wote huo, watakutajia kona, kuotea na refa fulani ambaye wote wawili hawatamsamehe mpaka kiama.

Sasa nitasema jambo ambalo Mlingoti hakutaka lisemwe. Goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha.

Lilianza miaka sita nyuma kama kitu cha kupita. Alipanda ngazi ya kumi na nne, kitu kikasaga ndani kama kokoto, akapepesuka, akasingizia kiatu. Baadaye likawa linavimba jioni. Mwisho mkewe akamburuta hospitali, na daktari akamwonyesha picha na kumweleza kwamba gegedu imelika, mfupa unasaga mfupa. Akamuuliza kazi yake.

"Kinyozi," Mlingoti akajibu.

"Basi tafuta kiti cha kunyolea ukiwa umekaa."

"Daktari, umewahi kuona kinyozi amekaa?"

Daktari akasema hajawahi, akaandika dawa. Walipofika nyumbani mkewe aliziweka zile dawa juu ya kabati la vyombo, mahali pa kuonekana.

"Baba, waambie wenzako," alisema. "Goti si aibu. Hukuliiba."

"Niwaambie nini? Kwamba Mlingoti ameoza chini?"

"Ndiyo, hivyo hivyo."

"Nitafute jina jingine, basi."

Mkewe akamwacha. Alikuwa ameolewa na kichwa kigumu kwa hiari yake, na hilo huwa analikumbuka.

Wewe msomaji utashangaa: mtu mwenye goti la namna hiyo anasimamaje dakika tisini, na za nyongeza juu? Siri ni kwamba Ngazini hasimami mtu peke yake. Mechi ikijaa, hapaingii hata karatasi kati ya bega na bega. Ukiinua mguu mmoja huanguki, ukiinua yote miwili utabaki hewani kidogo. Mlingoti aligundua kwamba akiegemea kushoto kidogo, pale alipo Dobi, goti linapumzika. Umati ndio uliomshika. Alikuwa na furaha nao kwa sababu hiyo pia, na alijiambia kwamba hakuna aliyejua.

Kilichomtisha hakikuwa kusimama, kilikuwa kukaa. Watu wengi hawalielewi jambo hili, wanafikiri mwenye goti bovu anatamani kiti. Kiti cha uwanjani si kiti cha sebuleni. Mpira ukifika karibu na goli, wote juu. Ukitoka nje, wote chini. Kona, juu. Kipa akidaka, chini. Hebu hesabu ni mara ngapi katika mechi moja. Goti la Mlingoti liliweza kunyooka na liliweza kukunjwa. Lilichoshindwa ni kutoka hali moja kwenda nyingine. Aliiona picha nzima akilini: watu elfu mbili wamesimama kutazama mkwaju wa penalti, na yeye amekaa chini katikati yao kama aliyedondosha kitu, anatazama migongo.

Kisha barua ikaja. Shirikisho lilitaka viwanja vya ligi viwe na viti pande zote. Klabu ikaomba, ikabembeleza, ikapewa nafasi mbili: ama Ngazini pawekwe viti na watu wapungue nusu, ama pabaki pa kusimama lakini malango yapanuliwe na idadi ya watu ipunguzwe kwa theluthi. Uongozi wa klabu, ambao kwa kawaida huamua mambo yote bila kumwuliza hata paka, safari hii ukagundua demokrasia. Ukasema wenye Ngazini ndio waamue, yaani wanachama wa tawi letu. Ukiona kiongozi anakuachia uamuzi, jua uamuzi huo una lawama ndani yake.

Wiki tatu kabla ya mkutano, saluni iligeuka bunge. Kila aliyekaa kwenye kiti alikuwa na hoja, na Mlingoti alizinyoa zote.

Fundi bomba alitaka viti kwa sababu alichoka kumwagiwa soda mgongoni. Mwuza magazeti alisema viti vitaua nyimbo, kwamba mtu aliyekaa tumbo linajikunja na sauti haitoki, na akasimama kutoka kitini kutuonyesha, kitambaa kikiwa bado shingoni na kichwa kimenyolewa upande mmoja. Mhasibu fulani alisema yeye anataka kuja na binti yake, na Ngazini binti haoni kitu isipokuwa mikanda ya wanaume. Mwuza magazeti akamwambia ambebe mabegani. Mhasibu akamjibu kwamba binti ana miaka ishirini na mbili. Benchi zima likaangua kicheko, na hata Mlingoti ikabidi asimamishe mashine.

Dobi alikuwapo siku hiyo. Yeye hakutoa hoja. Alicheka na wenzake, na alipoulizwa alisema, "Mimi si mnanijua," na watu wakaona jibu limetosha.

Aliyemtia Mlingoti wasiwasi alikuwa muuguzi. Mwanamke huyu wa makamo hufanya kazi hospitali kubwa, hunyoa nywele fupi kila mwisho wa mwezi, na ana kadi ya tawi ya miaka mingi kuliko wanaume wengi wanaojipiga kifua. Alikaa kitini, akafumba macho, akamwachia kichwa.

"Nasikia wewe ndiye jemadari wa kusimama," alisema.

"Nasema ninachoamini, dada."

"Siku ile ya mahasimu ulikuwepo?"

Kila mtu anaijua siku ile. Ni miaka kumi na mmoja sasa. Lango la chini lilifungwa kwa kufuli, watu waliendelea kuingia kwa juu, na wale wa ngazi za mbele wakabanwa kwenye uzio. Watu wawili hawakurudi nyumbani.

"Nilikuwepo," Mlingoti akasema. "Na nakwambia kilichoua ni kufuli. Mwenye ufunguo alikwenda kunywa chai. Kusimama hakukuua mtu."

"Kufuli halikuletwa wodini kwangu, kaka. Mimi nililetewa watu. Nilikata jezi zao kwa mkasi, jezi kama hiyo yako. Wangekuwa na viti wasingejaa namna ile."

"Wangekuwa na malango."

"Na malango pia," muuguzi akasema. "Mimi sikatai malango."

Mlingoti akaendelea kunyoa. Alijua mwanamke anasema kweli, na alijua yeye pia anasema kweli, na hali hiyo inachosha kuliko kubishana na mwongo. Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichomchoma. Yule dada alikuwa akifikiria marehemu wawili, naye, alipokuwa akipanga hoja zake nzuri za nyimbo na desturi na wazee wetu walivyosimama, kumbe alikuwa akifikiria goti lake. Akaona haya, lakini hakubadilika. Haya na goti vyote vilikuwa vyake, na goti ndilo lililouma zaidi.

Mkutano ulifanyika Jumapili asubuhi katika bwalo la shule ya msingi. Hapa inabidi nieleze namna tawi letu linavyopiga kura, kwa sababu sijasikia wengine wanaofanya hivi. Zamani tulipiga kura za siri, mpaka mwaka mmoja kura zikazidi watu. Tukahamia kuinua mikono, mpaka wengine wakainua miwili. Basi Katibu, mwalimu mstaafu wa hesabu, akaweka kanuni yake: wote wanakaa, wanaounga mkono hoja wanasimama, naye anapita akiwagusa bega mmoja mmoja na kuhesabu kwa sauti. Anahesabu mara mbili. Hesabu zikitofautiana, anaanza upya, na aliyesimama haruhusiwi kukaa mpaka zilingane. Mgonjwa au mzee asiyeweza kusimama, anyooshe mkono alipokaa, naye atahesabiwa kama aliyesimama. Kanuni hiyo imeandikwa na imebandikwa ukutani, na Katibu huisoma yote kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mlingoti alijipanga. Alifika mapema na kuegemea ukuta nyuma, akiwa na nia ya kubaki hapo hapo mkutano mzima, ili wakati wa kura awe tayari amesimama. Hesabu yake ilikuwa nzuri, ila hakumtia Katibu ndani yake.

"Wote wakae," Katibu akasema. "Na wewe uliye ukutani."

"Mimi niko sawa hapa, Mwalimu."

"Siwezi kuhesabu waliosimama kama wengine wamesimama kabla. Kaa."

"Mlingoti akae?" mtu akadakia. "Jengo litaanguka!"

Bwalo likacheka. Mlingoti akacheka pia, kwani angefanyaje, akaenda kwenye benchi la tatu ambako Dobi alikuwa amemwekea nafasi, kulia kwake kama kawaida. Benchi lilikuwa la watoto wa darasa la pili. Magoti yake yalipanda karibu na kidevu. La kushoto likalalamika papo hapo, na akalilaani kimoyomoyo pamoja na aliyelichonga benchi.

Hoja zilisemwa. Muuguzi alizungumza vizuri, kwa ufupi, bila kuwataja marehemu kwa majina, na watu wakainamisha vichwa. Mwuza magazeti akaimba ubeti mmoja akiwa amekaa na ubeti huo huo akiwa amesimama, na kusema kweli tofauti ilisikika. Mlingoti alipopewa nafasi aliomba aseme akiwa amekaa, "ili nisimalize nguvu za kura," na watu wakapiga makofi kwa utani huo. Alisema malango yapanuliwe, mwenye ufunguo afungwe kamba langoni, na Ngazini pabaki Ngazini. Alisema mtu akishapewa namba ya kiti atakaa na asiyemjua. Hilo alilisema kwa moyo wote.

Katibu akasoma kanuni yote. Akamalizia, "Wanaotaka tuendelee kusimama, wasimame. Wagonjwa na wazee, mikono."

Wazee wawili wa benchi la mbele wakanyoosha mikono. Mlingoti akaweka kiganja kwenye bega la Dobi kama afanyavyo miaka yote, akasubiri bega liinuke ili ainuke nalo.

Bega halikuinuka.

Alimtazama. Dobi alikuwa akitazama mbele, ubaoni, ambako mtoto fulani alikuwa ameandika majina ya waliopiga kelele darasani. Hapakuwa na wakati wa kuuliza. Mlingoti akakandamiza lile bega, akauma meno, akapanda peke yake. Kitu kikasaga ndani ya goti na jasho likamtoka shingoni. Lakini alikuwa wima.

Katibu akapita. "Moja. Mbili. Tatu." Mguso mwepesi kwenye kila bega, mtindo wa kugawa madaftari. Wajumbe walikuwa mia moja na ishirini na watano, na yeye hakuwa na haraka. Alipomaliza alitangaza sitini na watatu. Akaanza mara ya pili kutokea nyuma, kwa sababu kanuni inasema hivyo, akamaliza, akatangaza sitini na wanne.

Minong'ono. Ikagunduliwa kwamba fundi bomba alikuwa ametoka nje kupokea simu, akarudi, akakuta nafasi yake imekaliwa, akasimama mlangoni.

"Wewe unataka kusimama?" Katibu akamuuliza.

"Mimi nataka viti."

"Sasa umesimama kwa nini?"

"Nimekosa kiti!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Siku nyingine Mlingoti angekuwa wa kwanza. Lakini vichekesho vina muda wake, na muda huo yeye alikuwa akiulipa kwa goti. Ngazini angeegemea. Hapa kila aliyesimama alikuwa na nafasi yake ya kupumua, na upande wake wa kushoto, badala ya bega, palikuwa na kichwa cha mtu aliyekaa. Fundi bomba akasogezewa benchi. Katibu akasafisha koo, akasema hesabu zimetofautiana, anaanza upya, asikae mtu.

Akafika "kumi na tano" na goti likaanza kutetemeka. Hata suruali ilionekana ikitikisika. Mlingoti alijua la kufanya, na sitaki mtu aseme hakujua. Kanuni ilikuwa ukutani kwa herufi kubwa. Angekaa na kunyoosha mkono, Katibu angemhesabu, na mambo yangekwisha. Alichotakiwa kusema ni neno moja, mgonjwa. Mbele ya watu mia na ishirini waliomwita Mlingoti.

"Ishirini na saba," Katibu akasema, benchi moja mbele yake.

Mlingoti akakaa. Hakuanguka. Alikaa taratibu, mikono mapajani, na mkono hakuunyoosha.

Katibu alipofika kwake alimtazama kupitia juu ya miwani. Alisubiri kidogo. Mlingoti akatazama ubao, majina ya waliopiga kelele. Katibu akapita. Hesabu hiyo ikawa sitini na wawili, na ya kurudia ikawa sitini na wawili. Waliokaa walikuwa sitini na watatu. Viti vikapita kwa mtu mmoja.

Nje, kwenye uwanja wa shule, muuguzi alimfuata akampa mkono. "Najua haikuwa rahisi kwako," alisema. "Umenipa moyo, kaka." Mlingoti akapokea mkono na shukrani zisizo zake, akasema asante. Wengine hawakumpa mkono. Mwuza magazeti alimpa kisogo waziwazi. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umekubaliana kwamba Mlingoti amekula kitu cha shirikisho, na waliobaki walisema ameokoka.

"Umewaambia?" mkewe aliuliza alipoingia.

"Sikuwaambia."

"Kwa hiyo wanakuona msaliti."

"Ndiyo."

"Na hilo umeona ni afadhali." Akaenda kutoa nguo kambani.

Dobi alikuja Jumanne, kama kila Jumanne, kunyoa ndevu. Saluni ilikuwa tupu. Siku hizo ilikuwa tupu sana. Akakaa, Mlingoti akamfunga kitambaa, akampaka povu, akachukua wembe. Akanyoa upande wa kulia wote. Kisha akasimamisha wembe.

"Ulikaa," alisema.

"Na wewe ulikaa."

"Mimi nilishindwa. Wewe ulikuwa umekaa tangu mwanzo. Mtu mmoja, Dobi! Ungeinuka wewe, tungekuwa na Ngazini yetu."

"Ungenyoosha mkono wewe, tungekuwa nayo pia." Dobi alisema kwa upole, povu likiwa bado upande mmoja. "Mbona hukunyoosha?"

"Ninyooshe mkono kwa ugonjwa gani?"

"Wa goti."

Mlingoti akaweka wembe kwenye meza. "Nani kakwambia? Shemeji yako?"

"Shemeji hajanena kitu. Najua tangu msimu ule wa sare saba. Mtu akikuegemea dakika tisini utakosa kujua?"

Miaka sita. Mlingoti alisikia uso ukimwaka moto. Aliona kila mechi upya, kila alipojisifu kwa vijana kwamba miguu ya siku hizi haina uvumilivu, na Dobi pembeni akimsikiliza.

"Kwa hiyo umenihurumia," alisema, na hasira ilimpanda kweli kweli. "Umeniuzia Ngazini kwa huruma. Miaka sita umeweza, dakika kumi zikakushinda? Nani alikuomba?"

"Hapana." Dobi alitikisa kichwa. "Usinipe wema nisio nao. Sikukaa kwa ajili yako, nilikaa kwa ajili ya bega. Mwaka wa pili huu pasi naishika kwa mkono wa kushoto, huu wa kulia hauinuki kupita kifua. Nilisema viti vikija, basi, kila mtu atakaa pake, na sitalazimika kukwambia."

Mlingoti akamtazama kwenye kioo. Bega la kulia lilikuwa limeshuka, si kidogo, la kuonekana na mtu yeyote. Yeye mwenyewe alikuwa ameliona. Miezi mingapi alikuwa akimnyoa Dobi na kuona ndevu haziwi sawa, akaamua kwamba kiti ndicho kimelala upande, akakata kipande cha boksi na kukiweka chini ya mguu wa kiti. Bado kilikuwa hapo.

"Ungeniambia nakulemea," alisema.

"Ningekwambia saa ngapi? Kila tukienda ulikuwa unafurahi, unaimba nyimbo zote."

Mlingoti alichukua wembe, akaufuta, akamaliza upande wa kushoto polepole, na Dobi hakumharakisha.